Je, wajua kwa nini glavu za dereva wa trela huchanika kwanza kwenye panda ya kidole gumba?

Fungua sanduku la vifaa la semi yoyote inayosubiri mzigo Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam. Chini ya spana na minyororo utakuta glavu tatu nne zilizotupwa humo. Zigeuze uzitazame. Kiganja bado kizima, vidole bado vizima, lakini pale kwenye panda, kidole gumba kinapoachana na kidole cha shahada, pana tundu. Nilipokuwa utingo nilidhani ni mimi tu ninayeuziwa feki. Kisha nikaziona glavu za suka wangu, yaani dereva wangu, aliyezinunua duka jingine kwa bei mara mbili ya zangu, nazo zina tundu palepale.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Trela la wazi halina kuta wala paa, ni jukwaa tu la kubebea nondo, mabomba, koili za chuma, mashine, na shaba inayoshuka bandarini kutoka Zambia na Kongo. Kinachoshikilia mzigo huo ni ufungaji, na ufungaji ni mikono. Unavuta mnyororo kutoka upande mmoja hadi mwingine, unakandamiza mkono wa chuma wa kuukazia, unapitisha mikanda, unapandisha turubai zito na kulivuta kwa kamba. Wala hufanyi mara moja ukamaliza. Mzigo ukishatikisika barabarani hujikalia upya, mnyororo ukalegea. Marekani kanuni zinamtaka dereva akague ufungaji ndani ya maili 50 za kwanza, yaani kama kilomita 80. Kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, hapo hajafika hata Chalinze, na mlima wa Kitonga bado uko mbele yake. Safari nzima inazidi kilomita 900, na kila kituo glavu zinavaliwa tena.

Sasa shika mpini wa jembe uvute kwa nguvu, kisha uangalie mkono wako. Mpini umelala ndani ya panda. Ukikandamiza mkono wa kukazia mnyororo, chuma kinakaa hapohapo. Ukifumba ngumi, ngozi ya glavu inajikunja hapo kuliko mahali pengine popote. Ukiifumbua, gumba linavuta upande wake na kidole cha shahada upande wake. Kwa hiyo panda inasuguliwa, inakunjwa na kuvutwa, vyote kwa pamoja, wakati kiganja kwa sehemu kubwa kinasuguliwa tu.

Halafu kuna fundi. Glavu haikatwi kipande kimoja. Gumba hushonwa peke yake kisha huunganishwa na kiganja na mgongo, na mishono hiyo inakutana kwenye panda. Kila sindano ilipopita imeacha kitundu, na mstari wa vitundu kwenye ngozi ni kama ule wa karatasi ya stempu: ndipo penye njia ya kuchanika. Yaani mahali panapoumizwa zaidi ndipo tulipopadhoofisha kwa mikono yetu.

Ukijua hilo, jambo la kwanza la kutafuta dukani si unene, ni kiraka. Glavu nzuri ya kazi hii ina kipande cha pili cha ngozi kinachoanzia kwenye gumba, kinavuka panda, kinaishia kwenye kidole cha shahada. Angalia kimeshonewa wapi. Mshono wake ukipita katikati ya panda, umeongezewa ngozi na umeongezewa vitundu. Unataka mshono uwe mbali, kiganjani au mgongoni, na panda ibaki ngozi tupu.

Wauzaji wengi wa Kariakoo watakuonyesha alama ya nyundo ndani ya ngao, yenye maandishi EN 388 na namba chini yake. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha glavu za kazi. Namba ya kwanza ni ya kusuguliwa, kuanzia 1 hadi 4, na kufikia 4 ina maana ngozi ilisuguliwa kwa msasa mizunguko 8,000 bila kutoboka. Ya pili ni ya kukatwa, ya tatu ya kuchanika, ya nne ya kuchomwa. Tangu kipimo kilipoboreshwa mwaka 2016 hufuata herufi, A hadi F, ambayo nayo ni ya kukatwa, kwa wembe ulionyooka. Ukiona X, jaribio hilo halikufanywa. Mimi nazisoma namba hizi kwa makini, hasa ya nne, kwa sababu vifurushi vya nondo hufungwa kwa waya na ncha zake hutokeza kama miiba. Lakini sampuli inayopimwa hukatwa kutoka kwenye kiganja. Ile 4 haikuambii lolote kuhusu mshono wa panda, na mshono huo ndio unaokufa kwanza. Utaukagua mwenyewe kwa macho na vidole.

Uzi nao una habari yake. Ngozi iliyotiwa dawa kiwandani hubaki na asidi kidogo, na uzi wa pamba huliwa na asidi. Ongeza jasho na unyevu wa pwani yetu, uzi unaoza ngozi ikiwa bado nzima. Chomoa kijiuzi kilichoning'inia kwenye pindo, ukichome ukiwa nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Chukua kinachoyeyuka. Zipo pia glavu zilizoshonwa kwa Kevlar, uzi uliotokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Ni uzi imara mno, ila mwanga wa jua huudhoofisha.

Kuhusu ngozi, watu hudanganywa na zile glavu nene za kuchomelea, ndefu hadi karibu na kiwiko. Zile nyingi ni tabaka la chini la ngozi ya ng'ombe, lenye manyoyamanyoya pande zote mbili. Linahimili joto na bei yake ni nafuu, lakini linakunywa maji na grisi kama sifongo. Tena unene unakuibia nguvu: sehemu ya kubana kwako inaishia kuikunja glavu badala ya kukamata mnyororo, na jioni mkono unauma. Ule mkono mrefu nao unanasa kwenye ndoano. Tabaka la juu, laini na lenye vinyweleo vinavyoonekana, hudumu zaidi kwenye kazi ya kuvuta. Ngozi ya mbuzi naipenda kuliko zote kwa turubai na kamba. Ni nyembamba lakini nyuzinyuzi zake zimeshikana sana, na fundo unalihisi bila kuvua glavu. Kwa shaba, ambayo husafiri kama mabamba yenye kingo kali yaliyofungwa kwa vyuma bapa, tafuta yenye bitana ya kuzuia kukatwa, herufi C au zaidi.

Zile za kitambaa zilizochovywa mpira zina kazi yake pia, ila uliza ni mpira gani. Mpira wa asili hushika vizuri hata kwenye mvua, lakini ukikutana na dizeli na grisi huvimba na kulegea. Nitraili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, haisumbuliwi na mafuta.

Saizi usikisie. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja chini ya vidole, bila gumba. Inchi 9 ni saizi 9, inchi 10 ni saizi 10. Glavu ikikubana, kila ukifumba ngumi unaivuta panda. Ikikupwaya, ngozi inajikusanya hapo na kujisugua yenyewe.

Na gharama hii si ya utingo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Inaniuma kuona kijana akikaza mnyororo wa mzigo wa mamilioni kwa mikono mitupu, au kwa zile glavu za pamba zenye vidoti ambazo hazimalizi hata kufunga trela moja.

Kosa la mwisho tunalifanya wenyewe, tena kila siku. Glavu zikilowa jasho au mvua ya masika, tunaziweka kwenye dashibodi zipigwe jua, au juu ya injini. Ngozi ikikaushwa kwa haraka namna hiyo, nyuzinyuzi zake hugandana, ikawa ngumu kama gome. Kesho yake ukifumba ngumi, gome hilo linapasuka pale linapokunjwa zaidi, kwenye panda ileile. Mimi sasa nashika usukani mwenyewe, na nina jozi mbili. Moja naivaa, nyingine inaning'inia nyuma ya kiti, kivulini, penye upepo wa dirisha. Inayokauka naikunjua vidole kimoja kimoja ikiwa bado na unyevu kidogo, kisha naipaka mafuta ya kulainishia viatu, nikianzia kwenye panda.