Mpaka wa Korea hauko kwenye nyuzi 38

Mara nyingi huandikwa kwamba Korea mbili zinatenganishwa na mstari wa nyuzi 38 kaskazini ya ikweta. Tangu 1953 hilo si kweli. Kuna mistari miwili, kila mmoja na chanzo chake, na asiyeitofautisha hataelewa kwa nini mji wa Kaesong, uliokuwa Kusini hadi Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, leo uko Kaskazini, na mji wa Sokcho kinyume chake.

Wa kwanza ulichorwa Washington usiku wa kuamkia 11 Agosti 1945. Japani, iliyoitwaa Korea mwaka 1910, ilikuwa inakaribia kusalimu amri, na Warusi walikwishaanza kuingia kutoka kaskazini. Maofisa wawili wa jeshi la Marekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, walipewa kama nusu saa kupendekeza mahali pa kugawana kazi ya kuwanyang'anya Wajapani silaha. Wakiwa na ramani ya National Geographic, walichagua nyuzi 38 ili Seoul ibaki upande wa Marekani. Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovyeti, akakubali. Hakuna Mkorea aliyeulizwa, na kwangu hiyo ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote katika historia hii.

Latitudo haijali mto wala barabara. Ile ilikata mito 12, vijito zaidi ya 75, barabara kuu 8 na njia 6 za reli. Rasi ya Ongjin, huko magharibi, iliangukia Kusini lakini kwa nchi kavu huwezi kuifikia bila kupita Kaskazini. Watu wakalazimika kupanda meli. Uchumi nao ukapasuka. Mitambo mikubwa ya umeme wa maji na kiwanda cha mbolea cha Heungnam vilibaki Kaskazini, na sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga Kusini. Kusini ilipiga kura tarehe 10 Mei 1948; tarehe 14 Kaskazini ikaikatia umeme. Kufikia Septemba zilikuwepo serikali mbili, ya Syngman Rhee Kusini na ya Kim Il-sung Kaskazini, kila moja ikidai rasi nzima ni yake.

Mstari wa pili ulitokana na vita vilivyoanza 25 Juni 1950. Katika mazungumzo ya 1951, Kaskazini na China iliyoisaidia zilitaka kurudi kwenye nyuzi 38. Upande wa Umoja wa Mataifa, uliopigania Kusini, ulitaka mpaka uwe pale askari walipo. Novemba 27 walikubaliana kufuata mahali majeshi yanapokutana, ila kwa sharti kwamba mkataba usainiwe ndani ya siku 30. Haukusainiwa, kwani walikwama kwenye suala la wafungwa wa vita. Tangu hapo kila kilima kilichotekwa kiliweza kuusogeza mpaka, na ndiyo maana maelfu walikufa wakigombea vilele visivyo na faida nyingine.

Mapigano yaliposimamishwa 27 Julai 1953, mstari ulikuwa umepinda: magharibi uko chini ya nyuzi 38, mashariki umepanda juu yake. Mji wa Cheorwon ulihamia Kusini, na hadi leo gofu la ofisi ya Chama cha Wafanyakazi cha Kaskazini limesimama pale, kuta zikiwa na matundu ya risasi. Kila upande ulirudi nyuma kilomita 2, ukabaki ukanda usio na majeshi wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa takriban 240. Mstari wenyewe uliwekewa mabango 1,292 ya manjano: upande unaotazama kusini yana Kikorea na Kiingereza, upande wa kaskazini Kikorea na Kichina. Uzio wa Kusini uko kwenye ukingo wa ukanda, si juu ya mstari.

Kasoro kubwa iko baharini. Mkataba uliviacha visiwa vya Baengnyeong, Daecheong, Socheong, Yeonpyeong na U-do chini ya Umoja wa Mataifa, ingawa viko karibu na pwani ya Kaskazini, lakini haukuchora mpaka wowote majini. Jenerali Mark Clark, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, aliweka mstari wake mwenyewe baadaye mwaka huohuo, na Kaskazini haiutambui. Manowari zilipigana hapo Juni 1999 na Juni 2002, mara zote msimu wa kuvua kaa, wakati boti za uvuvi zinapofuata windo hadi kwenye mstari na manowari za pande zote mbili zikizisindikiza.