Usajili wa timu ndogo kwenye Hoops Dynasty

Kocha mpya akifungua orodha ya wachezaji wa sekondari kwenye Hoops Dynasty, gemu ya mpira wa kikapu wa vyuo, jicho lake linakwenda moja kwa moja kwa mwenye namba kubwa kuliko wote. Anataka kujua atampataje. Ushauri wangu ni kumwacha. Ukiwa na timu yenye hadhi ndogo, bajeti yako ni finyu, na kila dola utakayoitumia kwa mchezaji anayewindwa na kigogo imekwenda na maji. Kazi yako ni kumpata yule atakayekufaa wewe na ambaye, kwa sababu moja au nyingine, wakubwa hawajamtupia macho.

Kwa wasioijua, hii ni gemu ya tovuti ya WhatIfSports inayochezwa kwenye intaneti. Unapewa chuo kimoja cha Marekani, unasajili, unapanga mazoezi na mbinu, kisha kompyuta inachezesha mechi. Wapinzani wako wengine ni kompyuta, wengine ni watu kama wewe wenye akili zao na ubishi wao. Kila kocha anaanzia daraja la tatu, la chini kabisa. Wengi wetu tuliujua mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani kupitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechezea Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti, ambapo timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Connecticut ni kigogo. Mimi naandikia walio mwisho kabisa wa foleni.

Hadhi ya chuo huandikwa kwa herufi kama matokeo ya mtihani, A+ ikiwa juu kabisa. Watu hudhani ni pambo tu la kumvutia mchezaji. Ukweli ni kwamba hadhi inaamua uzito wa kila unachofanya. Ukimtembelea kijana nyumbani kwao, na kocha wa chuo cha juu akamtembelea pia, ziara yake inahesabika zaidi ya yako ingawa mmefanya jambo lile lile. Kumshinda kwenye uwanja huo inabidi utumie zaidi yake, na wewe ndiye mwenye kidogo. Mwenye nguvu mpishe. Hata mvutano na chuo cha hadhi sawa na yako unauma, kwa sababu mshindi anatoka na mchezaji mmoja lakini pochi za wote wawili zimekauka.

Sasa tusome karatasi ya mchezaji, maana hapa ndipo mwenye macho anamzidi mwenye pesa. Namba kubwa ya jumla unayoiona ni jumla ya sifa 12 tu: uanariadha, kasi, ribaundi (kudaka mpira shuti likikosa), ulinzi, kuzuia mashuti, mchezo wa chini ya kikapu, mashuti ya mbali, kumiliki mpira, pasi, bidii, stamina na uimara dhidi ya majeraha. Zote zinahesabiwa sawasawa, kana kwamba pointi gadi, yule anayeendesha mashambulizi ya timu, anahitaji kuzuia mashuti kama anavyohitaji pasi.

Chukua pointi gadi wawili, kila mmoja ana jumla ya 530. Wa kwanza ana uimara 90, mchezo wa chini ya kikapu 52, ribaundi 45 na kuzuia mashuti 40. Hizo peke yake ni 227, na karibu zote zimelala mahali ambapo pointi gadi hana kazi nazo. Kasi yake ni 35, ulinzi 25, pasi 35. Wa pili, kwenye sifa zile zile nne za mwanzo, ana 35, 6, 8 na 3, yaani 52 kwa jumla. Lakini kasi yake ni 62, kumiliki mpira 60, mashuti ya mbali 58, pasi 57 na ulinzi 48. Kwenye orodha iliyopangwa kwa jumla watu hawa wawili wamekaa bega kwa bega. Uwanjani wa kwanza atapoteza mipira mpaka umtoe, na wa pili ataendesha timu yako miaka minne. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya ni kuacha kupanga orodha kwa jumla. Napanga kwa sifa mbili au tatu za nafasi ninayoitafuta, na majina yanayopanda juu ni tofauti kabisa na yale ambayo wengine wanagombania.

Sifa ya bidii inahitaji neno la peke yake. Haifungi kikapu wala haichukui ribaundi, lakini ndiyo inayoamua mchezaji atakua kwa kasi gani akishafika kwako. Ukimtuma skauti wako, mtu wa kuchunguza wachezaji, vya kutosha, gemu inakuonyesha pia kila sifa imebakiza nafasi kubwa ya kukua au imefika karibu na mwisho wake. Kijana wa mwaka wa kwanza mwenye ulinzi 30, nafasi kubwa ya kukua na bidii 70, nampenda kuliko mwenye ulinzi 45 aliyefika kikomo na bidii 20. Vigogo mara nyingi wanataka mtu wa kucheza msimu huu. Wewe huna mashabiki wa kuwaridhisha kesho, na huo ni uhuru mkubwa. Ila kijana huyo umpe dakika, kwa sababu anayekaa benchi hakui kama anayecheza.

Kuna pia matakwa ya mchezaji mwenyewe. Mmoja anataka chuo cha karibu na nyumbani, mwingine anataka ligi yenye nguvu, mwingine timu inayoshinda, mwingine kocha aliyekaa muda mrefu, mwingine mfumo fulani wa ushambuliaji au ulinzi. Anayetaka timu inayoshinda mruke bila kujiuliza, hata kama namba zake zinakuchekea. Anayetaka kuwa karibu na kwao, nawe uko mwendo mfupi, huyo ni wako kabla hujaanza. Na anayetaka muda wa kucheza ni rafiki mkubwa wa timu ndogo, kwa sababu wewe unaweza kumwahidi nafasi ya kuanza na dakika ambazo kigogo hawezi kumpa. Ahadi hiyo uitimize. Mchezaji anakumbuka ulichomwambia, na ukimvunja moyo anaweza kufungasha virago. Binafsi siahidi nafasi ya kuanza kwa mtu ambaye nisingemwanzisha hata bila ahadi.

Umbali una hesabu yake pia, kwani ziara ya mbali ni ghali. Daraja la tatu la kweli limejaa vyuo huko New York, Pennsylvania na Massachusetts, na gemu imefuata ramani hiyo hiyo. Ukiwa huko una wachezaji wengi karibu, lakini pia una majirani kila kona wanaowaona watu wale wale. Chuo kama Whitman, kilichoko Walla Walla jimboni Washington, kina wachezaji wachache wa karibu na majirani wachache zaidi. Mimi nachagua upweke. Wachezaji wanne wazuri usiobishana na mtu juu yao wanatosha kujenga kikosi.

Nje ya gemu mambo yamewahi kwenda hivyo hivyo. Mwaka 2016 kocha msaidizi wa Murray State, chuo cha Kentucky, alikwenda kwenye kambi ya vijana kumtazama mchezaji mwingine. Alipotoka kutafuta kitu cha kutafuna, akasikia mpira ukidunda kwenye ukumbi wa pembeni na kumkuta Ja Morant akicheza watatu kwa watatu. Miaka mitatu baadaye Morant alichaguliwa wa pili kwenye drafti. Stephen Curry naye alitaka kwenda Virginia Tech alikocheza baba yake, wakampa nafasi ya kujiunga bila ufadhili wa masomo. Akaenda Davidson, na mwaka 2008 akakipeleka chuo hicho mpaka timu nane za mwisho za mashindano ya vyuo ya taifa. Vipaji hivyo havikufichwa na mtu. Vilikuwa wazi, ila vilikuwa na kasoro iliyowafanya wakubwa wageuze shingo: mwili mwembamba, au kambi ya wasio na majina.

Muda wa usajili umegawanyika mara mbili, na kila mchezaji ana tabia yake ya kusaini: wapo wanaowahi, wapo wanaosubiri mpaka dakika za mwisho. Wanaowahi nawashika mapema kwa nguvu zote. Wanaochelewa nawapa umakini kidogo kidogo huku nikiangalia nani anajaza nafasi zake. Vigogo wanapomaliza ufadhili wao, hubaki wachezaji waliokadiriwa kwa daraja la juu lakini hawana pa kwenda. Hapo ukiwa umebakiza nafasi moja na pesa kidogo, unaokota mtu ambaye mwanzoni usingeweza hata kumpigia simu. Ndiyo maana sijazi nafasi zote mapema, na sijawahi kumsajili mtu kwa kuogopa benchi tupu. Nafasi usiyoitumia inarudi msimu ujao ikiwa na bajeti yake. Mchezaji mbovu anaikalia miaka minne.

Kigogo akijitokeza kwa mtu uliyemhangaikia, usikimbie papo hapo na usimwage pesa kwa hasira. Fungua kikosi chake uhesabu wanaomaliza masomo, ujue ana nafasi ngapi. Angalia ni wachezaji wangapi wengine wanaomfikiria na wanacheza nafasi gani. Akiwa na nafasi mbili na anawania wanne, huenda wako ni akiba tu kwake, basi kaza uzi. Akiwa na nafasi tano, na huyo ndiye senta (mchezaji mrefu wa chini ya kikapu) pekee anayemfuatilia wakati senta wake wote wanahitimu, hamishia nguvu kwa chaguo lako la pili siku hiyo hiyo, kabla naye hajapata mtu wa kumfuata.