Je, wajua? Kushuku jambo si kumwita mtu mwongo

Mtu akisema "sijaridhika, nionyeshe ushahidi", wengi humwona mkaidi, au hudhani anamtuhumu mwenzake kwa uongo. Sivyo, na kisa cha Hans, farasi wa Berlin, kinaonyesha kwa nini.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu mstaafu wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa akimwonyesha Hans hadharani bila kutoza kiingilio. Ukimuuliza saba jumlisha tano, farasi aligonga chini kwa kwato mara kumi na mbili, kisha akatulia. Mwaka 1904 tume iliyoongozwa na mwanasaikolojia Carl Stumpf ilimchunguza na kutangaza kwamba haikuona hila yoyote.

Wengi wangefunga faili hapo: hila hakuna, basi farasi anajua hesabu. Oskar Pfungst, mwanafunzi wa Stumpf, hakutosheka. Hakumwona mzee yule kuwa tapeli. Alichotaka kujua ni kimoja: Hans jibu analitoa wapi? Akapanga majaribio. Safari hii muulizaji analijua jibu, safari ijayo halijui. Mara farasi anamwona muulizaji, mara anazuiwa asimwone. Jibu lilipojulikana, Hans alipatia karibu kila swali. Lisipojulikana, au asipomwona muulizaji, aligonga ovyo.

Kumbe alikuwa akisoma miili ya watu! Muulizaji akishauliza, huinama kidogo kutazama kwato. Hans anaanza kugonga. Hesabu ikifika penyewe, kichwa cha muulizaji huinuka kidogo mno, mwenyewe asijue, Hans anaacha. Hata Pfungst, akiwa ameshaigundua siri, alipata taabu kuizuia ishara hiyo isimtoke. Matokeo aliyachapisha mwaka 1907.

Hapo hakuna aliyedanganya. Von Osten aliamini kwa moyo wote, na hakukubali matokeo hayo hadi alipofariki mwaka 1909. Ila mtu mkweli naye hukosea, na unyoofu wake hauwezi kusimama mahali pa ushahidi.

Jambo jingine ninaloliona kubwa zaidi: jaribio la Pfungst lilimpa Hans nafasi ya kushinda. Angejibu sawasawa mbele ya mtu asiyejua jibu, Pfungst angelazimika kukubali. Anayekataa kila kitu, hata aonyeshwe nini, huyo hashuku, ameshaamua.

Tahadhari ya Pfungst, ya kumficha muulizaji jibu, hutumika leo katika majaribio mengi ya dawa: mgonjwa na daktari anayempima, wote hawaambiwi nani kapewa dawa yenyewe na nani kapewa kidonge kisicho na dawa.