Kubembeleza ni Kazi Moja, Kulaza ni Nyingine

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mzazi wa mtoto mchanga hana budi kuyatenganisha: kubembeleza na kulaza. Kubembeleza ni kumtuliza mtoto mpaka afumbe macho, na kulaza ni kumweka mahali atakapobaki salama hata kama mlezi wake naye amepitiwa na usingizi. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa ahadi ya usiku mtulivu ni vya kubembeleza tu, na katika miaka ya kuwashauri wazazi kwenye kliniki ya watoto nimeona kwamba hatari huanza pale kifaa cha kazi ya kwanza kinapoachiwa kufanya na ya pili.

Mtoto wa wiki chache hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini hulala kwa vipande. Tumbo lake ni dogo, hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua chini ya saa moja au karibu na hapo, ilhali wa mtu mzima hukaribia saa moja na nusu. Takribani nusu ya usingizi huo ni ule wenye mchakacho, ambapo hukunja uso, hutupa mikono, huguna na hata kulia kidogo bila kuamka, na mzazi anayemnyanyua kwa kila mguno humwamsha mtoto ambaye alikuwa bado amelala. Homoni ya melatonini, inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutolewa kwa mpangilio kuanzia mwezi wa pili au wa tatu hivi. Ndiyo maana hakuna mashine itakayomfanya mtoto wa wiki tatu alale usiku kucha, wala hatutaki alale hivyo, kwa sababu uwezo wa kuzinduka kwa urahisi ni mojawapo ya kinga zake pumzi inapotatizika. Mwanga wakati wa mchana, na giza na maneno machache wakati wa kunyonyesha usiku, humsaidia kujifunza tofauti ya nyakati hizo polepole.

Katika mbinu zote, ile isiyohitaji kununuliwa ndiyo niliyoiona ikifanya kazi zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani, wakiongozwa na Kumi Kuroda, walichapisha utafiti mdogo wa watoto 21, wakaonyesha kwamba mtoto anayelia akibebwa na mzazi anayetembea kwa mwendo usiobadilika kwa dakika 5 hutulia, na wengi husinzia. Walipopima mapigo ya moyo waligundua jambo ambalo kila mzazi amelihisi: mtoto huanza kuzinduka pale mwili wake unapobanduka kutoka kwa aliyembeba, hata kabla mgongo haujagusa godoro. Ushauri wao ni kwamba baada ya mtoto kusinzia, mzazi aketi naye tuli kwa dakika 5 hadi 8 nyingine ili usingizi uzame, kisha ndipo amlaze. Dakika hizo ni ndefu kwa mtu aliyechoka, lakini ni fupi kuliko kuanza upya.

Kumviringisha mtoto kwa kitambaa chepesi kuna maana yake pia. Watoto wachanga huzaliwa na mshtuko aliouelezea daktari Ernst Moro mwaka 1918, unaowafanya warushe mikono ghafla kana kwamba wanaanguka, na mikono ikizuiwa huamka mara chache zaidi. Hata hivyo, mtoto aliyeviringishwa lazima alale chali, kitambaa kiache nafasi kifuani, na miguu iweze kukunjwa na kutanuliwa, kwa kuwa kuinyoosha na kuibana kunaweza kuharibu ukuaji wa nyonga. Siku mtoto anapoonyesha dalili ya kwanza ya kujaribu kugeuka, kitambaa hicho kiachwe kabisa, kwani akijigeuza kifudifudi hatakuwa na mikono ya kujiinua. Nguo na mablanketi yaliyotiwa uzito, yanayodaiwa kuiga kumbatio, hayafai kwa mtoto mchanga, na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliyakataa waziwazi katika miongozo yake ya mwaka 2022.

Mashine za sauti ya mvumo mfululizo si ulaghai. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1990, watoto 16 kati ya 20 waliosikilizishwa mvumo huo walilala ndani ya dakika 5, ilhali katika kundi lisilosikilizishwa walilala 5 tu kati ya 20. Tatizo ni ukali wa sauti. Watafiti waliopima mashine 14 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014 walikuta tatu zikizidi desibeli 85 zikiwa kwenye sauti ya juu kabisa kwa umbali wa sentimita 30, kiwango ambacho mtu mzima kiwandani angetakiwa kulindwa masikio iwapo angekisikiliza zamu nzima. Iwekwe mbali, angalau mita 2 kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, na izimwe mtoto akishalala. Chuchu bandia nayo hutuliza, tena imehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Kwa anayenyonya, ni vyema isubiri mpaka unyonyeshaji ushike vizuri, na isifungwe kwa kamba shingoni.

Ninaloliogopa zaidi ni viti vya bembea, vitanda vya mteremko na kiti cha gari kinachoingizwa ndani ya nyumba na kugeuzwa kitanda. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake ni dhaifu. Akiwa ameinama nusu-kukaa, kidevu huangukia kifuani, koo jembamba hujipinda, na pumzi hukatika kimyakimya bila kilio cha kumwita mtu. Mwezi Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliviondoa sokoni vitanda vyake vya mteremko vya Rock 'n Play vipatavyo milioni 4.7 baada ya taarifa za vifo zaidi ya 30, na mwaka 2022 sheria ya Marekani ilipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10 pamoja na mito ya kuzungushia kingo za kitanda. Bembea inaweza kutumika kumbembeleza mtoto aliye macho, huku mzazi akimtazama. Akisinzia humo, ahamishwe, hata kama kumhamisha kutamwamsha.

Mahali pa kumlaza hapana mvuto wowote dukani: godoro bapa na gumu, shuka moja iliyokaza, bila mto, bila mwanasesere, bila blanketi lililolegea, mtoto akiwa chali, ndani ya chumba kimoja na mzazi. Nchini Marekani, baada ya kampeni ya kulaza watoto chali iliyoanza mwaka 1994, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu, matokeo ambayo hakuna kifaa kilichowahi kuyakaribia. Soksi na mikanda ya kupima pumzi nyumbani haijathibitishwa kuzuia vifo hivyo, na ubaya wake ni kumpa mzazi utulivu usio na msingi akalegeza mengine. Dawa za usingizi, dawa za mafua zinazolewesha, pombe kidogo kwenye ulimi na asali havipewi mtoto mchanga kwa hali yoyote.

Linabaki suala la mzazi mwenyewe. Kilio cha mtoto huongezeka hadi kufikia kilele karibu na wiki ya sita, wakati ambapo nguvu za waliomzaa zimekwisha, na hapo ndipo wengi huketi na mtoto kwenye sofa saa nane za usiku na kulala bila kukusudia. Sofa ni mahali pabaya kuliko pote: hatari ya kifo mtoto anapolala hapo na mtu mzima huongezeka hadi mara 67. Anayehisi usingizi unamzidi amlaze mtoto kitandani mwake, hata akiwa analia, au amkabidhi mtu mwingine. Na anayehisi hasira inampanda kwa sababu mtoto hanyamazi, naye amlaze chali kitandani, atoke chumbani kwa dakika chache, avute pumzi, kisha arudi. Kilio cha dakika hizo hakitamdhuru mtoto, ila kutikiswa kunaweza kumuua. Kilio kikiambatana na joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, au akawa mlegevu na mgumu kuamshwa anyonye, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.