Mshirika si mshirikishwa

Neno "washirika" nimelisikia tena wiki hii, barazani hapa Lamu. Mwalimu wa usanifu alikuwa akiwatambulisha mafundi wa majahazi wa Matondoni kwa wanafunzi wake: "Hawa ndio washirika wetu katika mradi." Mafundi wakaitikia kwa adabu. Michoro ya mradi ilikuwa imeshakamilika kabla boti ya wageni haijafika gatini.

Mradi wa namna hiyo huitwa kujifunza kwa miradi pamoja na jamii, nako ni hivi: mwanafunzi hapewi zoezi la kubuni tu, hufanya kazi ya kweli na watu wanaohusika nayo, na humo ndimo anamojifunza.

Sasa maneno yenyewe. Mradi limetoka katika Kiarabu, murad, jambo linalokusudiwa. Maana hiyo ingali hai tukisema "mradi tufike salama". William Heard Kilpatrick, Mmarekani aliyeandika juu ya mbinu ya miradi mwaka 1918, naye aliweka kusudi katikati, kusudi la mwanafunzi anayetenda kwa moyo wake wote. Lakini jamii ikiingia, makusudi huwa mawili, na la pili ndilo linalosahauliwa.

Kushiriki ni kuwa na fungu. Kushirikisha kuna ile -ish- ya kusababisha: yuko anayemtia mwenzake katika jambo, na jambo ni lake yeye. Lugha yetu ina neno lililo wazi zaidi, bia. Kula bia ni kila mtu kuleta chake, ndipo tukapata mbia na ubia. Aliyealikwa kula ni mgeni, hata akikirimiwa vipi.

Ali Skanda, fundi wa Lamu aliyeongoza kuundwa kwa Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lililoshushwa majini mwaka 2018, ni miongoni mwa waasisi wa mradi ule. Huyo ni mbia. Fundi anayeutazama mti uliopinda akajua utatoa taruma, yaani ubavu wa chombo, kisha akaulizwa maswali nusu saa na kupigwa picha ameshika tezo, huyo ameshauriwa. Kushauriwa ni jambo jema, na lina jina lake.

Kwa hivyo, mwalimu wangu, kwa heshima: katika ripoti andika "mafundi tuliowataka ushauri". Neno mshirika liweke mpaka siku utakapofika Matondoni bila mchoro, ukawauliza wao wanataka kuunda nini.