Ushahidi na uthibitisho

Basi letu la Kasese lilikuwa limeshatoka Mpigi, abiria wamezoeana, na viti vya nyuma yangu ubishi umepamba moto. Tulipokuwa tunaipita ile pete nyeupe ya ikweta pale Kayabwe, kijana mmoja alitoa simu akawaonyesha wenzake video aliyoipiga hapo hapo wiki iliyotangulia. Mabeseni matatu yenye tundu katikati: moja upande wa kaskazini, moja upande wa kusini, moja juu ya mstari wenyewe. Kila beseni lina ua linaloelea. Kaskazini ua likazunguka huku, kusini likazunguka kule, na kwenye mstari likashuka tundini bila kuzunguka kabisa. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mapajani akasema huo ni mchezo wa kuwalia Wazungu pesa. Kijana akamjibu kwa upole, lakini kama mtu anayefunga mlango: "Mama, hii imethibitishwa kisayansi."

Mama akanyamaza. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikashindwa kunyamaza.

Neno hilo nimelisikia likipigwa kama rungu kwa kila jambo: dawa za mitishamba, umri wa dunia, viumbe wa sayari nyingine, hata namna ya kulala ili usikorome. Na nimelisikia likitumika kinyumenyume pia, na huko ndiko linakoniudhi zaidi. Mtu anaambiwa jambo lenye ushahidi wa miaka mia, naye anakunja mikono: "Lakini sayansi haijathibitisha." Baada ya hapo anaona maoni yake aliyoyatunga jana usiku yamekaa ngazi moja na kazi ya watu elfu.

Maana zenyewe ni fupi. Uthibitisho ni mfululizo wa hoja unaoanzia kwenye mambo yaliyokwisha kukubaliwa na kufikia hitimisho ambalo haliwezi kuwa vingine. Ushahidi ni jambo lolote lililoonekana, lililopimwa au kuhesabiwa, linaloliongezea dai uzito au kulipunguzia. Hesabu hudai uthibitisho. Sayansi hufanya kazi kwa ushahidi.

Ajabu ni kwamba maneno yenyewe yanatuambia tofauti hii kila siku, nasi hatuyasikilizi.

Kuthibitisha kunatokana na kitu kuwa thabiti. Katika Kiarabu, tulikolitoa, thabata ni kusimama imara, kukita. Nguzo iliyochimbiwa vizuri ni thabiti: unaisukuma, haitikisiki. Ukiliangalia vizuri, neno hili halisemi lolote kuhusu macho. Halimtaki mtu awe amekuwapo mahali popote wala ameona chochote. Leonhard Euler, yule Mswisi ambaye jina lake limejaa vitabu vya hesabu, alikuwa karibu kipofu kabisa katika miaka yake ya mwisho, na bado alikuwa akiwatamkia wasaidizi wake kazi zake waziandike. Hoja inasimama gizani vilevile inavyosimama mchana.

Ushahidi una ukoo mwingine kabisa. Shahida ni kuhudhuria, kuona kwa macho. Shahidi ni mtu aliyekuwapo. Sisi wa Uganda ndio tusio na udhuru hapa, maana kila Juni 3 nchi nzima huelekea Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao, wengine wakitembea kwa miguu siku nyingi kutoka magharibi ya mbali. Waganda huwaita Abajulizi, na maana ni ileile. Hata Wagiriki, ambao lugha za Ulaya zimechukua neno lao, walisema martys, yaani shahidi, kabla neno hilo halijawa la mtu anayeifia imani yake. Lugha zote hizo zimemtazama mtu aliyekufa kwa ajili ya anachokiamini zikamwita aliyeona. Hazikumwita aliyethibitisha. Ushahidi unaweza kuwa mzito kiasi cha kubeba maisha ya mtu, na ukabaki kuwa ushahidi.

Nadhani vurugu tuliipata darasani. Sayansi tunaifundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja, "proof", linalotokana na Kilatini probare, kujaribu, kupima. Neno hilo hubeba mizigo yote miwili, ya mwanahesabu na ya mpelelezi. Sisi tulikuwa na maneno mawili safi, tukayakunja yakawa moja ili tufanane na wenye moja. Tena tunalo la tatu, burhani, ambalo Waarabu hulitumia mpaka leo kwa uthibitisho wa hesabu. Sisi tumeliachia mashairi, mawaidha na majina ya watoto.

Mahakama nayo imechangia kidogo. Mwendesha mashtaka hutakiwa athibitishe kosa pasipo shaka, na watu husikia hapo tu. Shaka inayozungumzwa ni ile yenye msingi. Shaka za kipuuzi haziingii. Kwa hiyo kinachoitwa uthibitisho mahakamani ni ushahidi uliolundikwa mpaka ukatosha, na ndiyo maana kuna rufani.

Kwenye hesabu kulundika hakusaidii. Kila mwaka nawafanyia wanafunzi wangu mchezo mmoja, na kila mwaka wananaswa. Nawaambia: chukua namba, ijumlishe na mraba wake, kisha ongeza 41. Ukianza na sifuri unapata 41. Moja inatoa 43. Mbili inatoa 47, tatu 53, nne 61. Zote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na zenyewe. Nawaacha waendelee. Wakifika kumi, wa mbele wanaanza kutabasamu. Wakifika ishirini, kuna mmoja lazima aseme, "Mwalimu, imethibitika, zote ni tasa." Namwambia aendelee. Thelathini, bado tasa. Thelathini na tisa inatoa 1601, tasa. Daftari limejaa, mkono unauma, na mashahidi arobaini wamesimama kizimbani wakasema kauli moja. Kisha tunaiweka 40 yenyewe. Inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41.

Darasa huhisi limedanganywa. Lakini hakuna aliyedanganya. Kila namba ilisema kweli yake. Walichokosea ni kudhani kuwa arobaini wakikubaliana, wa arobaini na moja hana la kusema. (Hesabu hiyo ni ya Euler huyohuyo.)

Mtu atasema arobaini ni kidogo. Haya. Mwaka 1919 mwanahesabu George Pólya alitoa kisio lake, yaani dai linaloonekana kweli lakini halijathibitishwa. Chukua namba yoyote na uivunje kwa namba tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3, vipande vitatu, 10 ni 2 mara 5, vipande viwili. Pólya aliona kwamba, popote utakapoweka mpaka, kuanzia 2 kwenda juu, kati ya namba za kutoka 1 (yenye vipande sifuri) hadi mpaka huo, zile zenye idadi ya vipande isiyogawanyika kwa mbili huwa nusu au zaidi. Waliojaribu waliona ni kweli. Mwaka 1958 mwanahesabu mwingine, Haselgrove, alionyesha kwamba lazima kisio hilo livunjike mahali fulani, ingawa hakuitaja namba yenyewe. Namba ndogo kuliko zote zinazolivunja ilikuja kupatikana mwaka 1980. Ni 906,150,257. Namba zaidi ya milioni mia tisa zilitoa ushahidi upande mmoja kabla ya moja kukataa.

Ndiyo maana kisio la Goldbach, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, bado linaitwa kisio. Lilitajwa katika barua ya mwaka 1742, na kompyuta zimelikagua mpaka milioni milioni milioni nne, yaani 4 ikifuatwa na sifuri 18. Hakuna hata moja iliyokataa. Na hakuna mwanahesabu anayesema limethibitishwa.

Sasa linganisha na Euclid, mwanahesabu wa Kigiriki wa miaka kama 2,300 iliyopita, aliyetaka kujua kama namba tasa zina mwisho. Tuseme zinao. Basi zizidishe zote kwa pamoja, uongeze 1. Namba utakayopata, ukiigawa kwa yoyote kati ya zile tasa, inabaki 1. Lakini lazima igawanyike kwa namba tasa fulani, ikiwemo labda yenyewe, na hiyo haimo kwenye orodha uliyosema imekamilika. Kwa hiyo hazina mwisho. Hakuhitaji kompyuta wala shahidi. Jambo hilo limesimama toka hapo na hakuna kipimo kipya kitakacholiangusha.

Sayansi haina bahati hiyo, na haijidai kuwa nayo. Isaac Newton alichapisha sheria yake ya mvutano mwaka 1687. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini kila sayari ilionekana kuitii. Mwaka 1846 wanaanga waliikuta Neptune karibu kabisa na pale hesabu za Newton zilipowaelekeza watazame. Ushahidi gani utakaoushinda huo? Lakini njia ya Zebaki kulizunguka jua ilikuwa inasogea kwa ziada ndogo ambayo Newton hakuweza kuieleza, sekunde 43 za pembe kwa karne (digrii moja ina sekunde 3,600 za namna hiyo). Ni unyoya. Unyoya huo ndio Einstein alioueleza mwaka 1915 kwa nadharia nyingine. Newton hakutupwa, setilaiti bado hurushwa kwa hesabu zake. Ila kama angekuwa "amethibitishwa", unyoya ule usingekuwa na pa kutua.

Hapo ndipo wale wa "haijathibitishwa" hudhani wameshinda. Hawajashinda. Kwamba sigara huleta saratani ya mapafu hakujathibitishwa jinsi Euclid alivyothibitisha, na hakutathibitishwa hivyo milele, kwa sababu mapafu si namba. Kuna ushahidi tu. Na ushahidi si kitu cha kudharau. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya wa aina moja, akaandika habari zake mwaka 1958. Kisha mwaka 1961 alizunguka na wenzake wawili kwa gari karibu kilomita 16,000 Afrika Mashariki na Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona uvimbe huo au la, akachora ramani. Ramani ilionyesha unafuata joto na mwinuko wa ardhi. Vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda vikapelekwa London, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona humo kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo mtu aliandika "imethibitishwa" akafunga daftari.

Turudi kwenye beseni. Kuzunguka kwa dunia kweli hupinda njia za vitu vinavyosafiri mbali. Ndiko kunakofanya vimbunga vya kaskazini vizunguke kinyume cha mishale ya saa na vya kusini kuifuata. Lakini dunia huzunguka mara moja tu kwa siku. Ukimimina maji beseni­ni kwa mkono, msukosuko wa mkono unaufunika mzunguko huo mara nyingi mno. Tena karibu na ikweta athari yenyewe hupungua mpaka kufikia sifuri, kwa hiyo hatua chache upande huu au ule haziwezi kubadili kitu.

Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alilifanya jaribio hili kwa adabu inayostahili. Alitumia chombo cha upana wa karibu meta 1.8, akakifunika, akayaacha maji yatulie saa 24, ndipo akafungua tundu la chini taratibu. Kwa dakika kama kumi na mbili hakikuonekana kitu. Baadaye kijiti kilichoelea kikaanza kuzunguka polepole, kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, walifanya vilevile na maji yao yakazunguka upande wa pili.

Nilimwomba kijana anipe simu. Tukaitazama video tena, mimi, yeye na yule mama. Nilimwambia asitazame ua, atazame mikono. Upande wa kaskazini, mwonyeshaji alimimina maji akipitisha jagi ukingo wa kulia. Upande wa kusini alipitisha ukingo wa kushoto. Kwenye mstari alimimina katikati na akasubiri kidogo. Mama akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kijana aliona haya, nami sikutaka aone haya. Nilimwambia: ndugu yangu, wewe ni shahidi mzuri. Ua lilizunguka, nawe uliliona. Sema hivyo tu, "niliona ua likizunguka," na mama huyu atakuwa na nafasi ya kukuuliza nani aliyamimina maji. Ukimwambia imethibitishwa, unamnyima swali lake, na swali lake lilikuwa zuri.

Akaniuliza, je, akijaribu mwenyewe nyumbani mara kumi, maji yakiwa yamelala usiku kucha, na akapata jibu lilelile? Nikamwambia atakuwa na ushahidi, na mimi nitataka kuliona daftari. Akauliza jerikeni ngapi za maji. Nilikuwa bado napiga hesabu tulipoingia Lukaya, wauza gonja, zile ndizi za kuchoma, wakajaa madirishani, na mama akaniomba nimpishe anunue.