Baridi ya Mbeya haipoozi ruta

Mafundi wengi hapa Mbeya wanaamini kwamba kwa baridi hii ya Julai, ruta (kifaa cha kuelekeza mawasiliano ya mtandao) ya kwenye raki, yaani fremu ya chuma ya kufungia mitambo, haihitaji nafasi ya kupumua. Ndiyo maana unafungua kabati la ofisi unakuta ruta imebanwa kati ya swichi ya mtandao na betri, nyaya zimefungashwa nyuma zikaziba tundu la feni.

Ruta haipozwi na hali ya hewa ya nje. Inapozwa na hewa inayopita ndani yake, kwa kawaida ikiingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Feni ikivuta hewa ya moto iliyotoka kwenye mtambo wa jirani, hata kipupwe cha Uyole, hapa hapa Mbeya, hakisaidii kitu. Halafu kuna hili la mwinuko: Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo inaondoa joto pungufu. Vitabu vya mitambo mingi hushusha kiwango cha juu cha joto kinachoruhusiwa kadiri unavyopanda.

Baridi yenyewe ina hatari yake. Mtambo uliolala kwenye gari usiku kucha ukiingizwa chumba chenye joto hutoa jasho ndani. Uache saa kadhaa ukauke. Kisha funga waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kwanza, umeme baadaye. Ukiwasha, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: usiposikia upepo, zima.